Maana na Matumizi ya Kitenzi cha Kiingereza 'Take' Katika Tafsiri ya Kiswahili

Utangulizi

Wafasiri wengi hudhani kwamba maneno yenye kuwatia mashakani ni yale mageni na marefu, yaani istilahi za sayansi, za sheria na za fedha. Lakini neno geni lina heri yake. Mtu akikutana nalo husimama, huuliza, hufungua kamusi. Neno la kawaida halimsimamishi mtu. Hupita nalo mbio kwa kuwa anadhani analijua, na hapo ndipo upotovu unapoingia katika maandishi.

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza neno moja la aina hiyo, nalo ni kitenzi cha Kiingereza 'take'. Kila mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba maana yake ni 'chukua', na wengi hubaki na jibu hilo hadi wanapokuwa watu wazima wenye dhamana ya kufasiri nyaraka za ofisi, za mahakama na za hospitali.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika miaka yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Maandishi mengi yaliyoandikwa kwa Kiingereza hayana budi kupita mikononi mwa wafasiri. Basi tunapopima tafsiri ya neno dogo kama hili, hatupimi uzuri wa lugha peke yake. Tunapima pia haki ya mshtakiwa na afya ya mgonjwa.

Asili ya maneno mawili

Yafaa tuanze na asili. 'Take' yenyewe ni neno geni katika Kiingereza. Waingereza wa kale walisema 'niman', neno ambalo ni ndugu wa neno la Kijerumani 'nehmen'. Watu wa Skandinavia walipofanya makao Uingereza walikuja na kitenzi chao 'taka', nacho kikaliondoa lile la wenyeji. Mabaki ya neno la kale yamo katika 'numb', maana yake aliyekufa ganzi, yaani aliyeshikwa hata akapoteza hisia. Msomaji asidhani kwamba 'taka' ya watu hao ina udugu na kutaka kwetu. Mfanano huo ni wa sauti tu.

Tangu hapo kitenzi hicho kimefanyishwa kazi nyingi mno, na neno lifanyalo kazi nyingi hupungua uzito wake lenyewe. Katika sentensi nyingi za Kiingereza cha leo, 'take' haitaji tena mkono unaoshika kitu. Hubaki kama mpini tu, na chuma kinachokata ni neno linalofuata.

Kitenzi 'chukua' hakikupita njia hiyo. Kwa asili, kuchukua ni kuinua mzigo na kwenda nao. Ndiyo maana tuna mchukuzi na uchukuzi. Ndiyo maana pia twasema kwamba basi linachukua abiria 60, kwa kuwa basi hubeba. Rangi mbili zinazopatana zinachukuana. Mtu mwenye subira humchukulia mwenzake. Mwanamke huchukua mimba. Katika matumizi yote haya kuna wazo la kubeba, kustahimili au kuwa na nafasi ya kitu. Kando yake lipo neno 'twaa', lenye wazo la kukifanya kitu kuwa chako au kukiweka chini ya mamlaka yako. Hivyo timu hutwaa ubingwa, jeshi hutwaa madaraka, na serikali hutwaa ardhi, kama isemavyo Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1967.

Basi 'take' na 'chukua' hukutana katika sehemu chache na kuachana katika nyingi. Hizo chache ndizo zinazomlaghai mfasiri.

Kitu kilikuwa wapi?

Tuanze na maana ya mkono, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi. Hata hapa Kiswahili hakitosheki na neno moja. Mwingereza aweza kutumia 'take' kwa maji ya kisimani, kwa embe lililo mtini, kwa sarafu iliyoanguka njiani na kwa mkoba uliomo mikononi mwa mwenyewe. Kwetu maji huchotwa au hutekwa, embe huchumwa au huanguliwa, sarafu huokotwa, na mkoba hunyang'anywa au hupokewa kulingana na ridhaa ya mwenyewe. Tofauti ya kunyang'anya na kupokea si ndogo. Mfasiri anayeandika 'alichukua mkoba wa yule mama' ameficha jambo ambalo huenda hakimu angetaka kulijua.

Pia Kiingereza hutumia 'take' kwa kitu kinachohamishwa kutoka hapa kwenda kule. Hapo neno letu ni 'peleka'. Mtoto hupelekwa hospitali, barua hupelekwa kwa mwalimu mkuu. Kusema 'mchukue mtoto hospitali' humwacha msikilizaji asijue kama mtoto yuko hospitalini angojewa kufuatwa, au yuko nyumbani na anatakiwa afikishwe huko.

Utajiri wa Kiswahili hudhihirika zaidi pale Kiingereza kinapoambatanisha 'take' na vijineno kama 'off', 'down' na 'out'. Kazi ambayo Kiingereza hukipa kijineno, Kiswahili hukipa kitenzi chenyewe, mara nyingi kwa njia ya kauli ya kutendua. Kilichovaliwa huvuliwa. Kilichoanikwa huanuliwa. Kilichotandikwa hutanduliwa. Kilichopakiwa hupakuliwa. Kilichoezekwa huezuliwa. Kilichotegwa huteguliwa. Chungu kilichotelekwa huepuliwa. Katika hayo yote Mwingereza aweza kusema 'take' na kijineno chake, lakini msemaji wa Kiswahili hawezi kutamka kitenzi bila kwanza kujua kitu hicho kilikuwa katika hali gani.

Ushahidi mwingine tunaupata darasani, katika hesabu. Penye 'nine take away five', mwalimu wa Kiswahili husema 'tisa toa tano'. Neno hilo hilo 'toa' ndilo tunalotumia kwa kutoa sadaka na kutoa habari. Mwingereza ametazama mkono unaopokea; sisi tumetazama mahali kitu kinapotoka. Lugha mbili zimeliona tendo moja kutoka pande mbili, wala hakuna iliyokosea.

'Take' iliyo tupu

Kundi la pili, ambalo ndilo kubwa, ni la 'take' inayofuatwa na nomino iliyobeba maana yote. Mwingereza anapozungumzia 'take a rest', hakuna kinachoshikwa. Maana ni kupumzika. Mara nyingi Kiswahili huwa na kitenzi kimoja kinachotosha: 'take part' ni kushiriki, 'take a bath' ni kuoga, 'take place' ni kufanyika, 'take care of' ni kutunza.

Pasipo na kitenzi kimoja, Kiswahili kina vitenzi vyake vyepesi vinavyofanya kazi kama hiyo, na kila kimoja kina jamaa zake. Kitenzi 'kula' kina kula kiapo, kula rushwa, kula njama na kula hasara. Kitenzi 'piga' kina kupiga picha, kupiga mbizi na kupiga hatua. Kitenzi 'shika' kina kushika njia, kushika zamu na kushika madaraka. Kitenzi 'ona' kina kuona fahari na kuona haya. Kitenzi 'tia' kina kutia maanani. Mfasiri asitafute mahali pa kuiweka 'chukua' kati ya hawa. Ajiulize kwanza: nomino hii, katika Kiswahili, imezoea kuandamana na kitenzi gani?

Asipojiuliza hivyo, ataandika mambo ya kuchekesha. 'Wanafunzi waliochukua mtihani' wangeweza kuwa watuhumiwa wa wizi wa karatasi za mitihani, ilhali waliokusudiwa ni waliofanya mtihani. Mgeni akiambiwa 'chukua kiti', ana haki ya kutoka nacho; angeambiwa 'karibu, keti', asingekuwa na shaka. Na aliyekwenda studio kuchukua picha amezifuata zilizokwisha kupigwa.

Dawa: pale kosa linapodhuru

Makosa hayo huchekwa yakapita. Lipo moja lisilofaa kuchekwa, nalo ni la dawa.

Katika zahanati zetu wagonjwa huambiwa waende dirishani wakachukue dawa. Kwa msemaji wa Kiswahili, kuchukua dawa ni kupokea dawa kwa mtoaji na kuondoka nazo. Kama atazimeza au ataziweka kabatini, hilo ni jambo lingine. Kwa Mwingereza, 'take medicine' ni kuiingiza dawa mwilini.

Tuseme hojaji imeandikwa kwa Kiingereza ili kumwuliza mgonjwa wa kifua kikuu ni siku ngapi kati ya 7 zilizopita alizotumia dawa, na kitenzi kilichotumika ni 'take'. Mfasiri anaandika: 'Katika siku 7 zilizopita, umechukua dawa siku ngapi?' Wagonjwa wawili wanaulizwa. Wa kwanza alikwenda kliniki Jumatatu, akapewa dawa zake, na tangu siku hiyo amemeza kila siku bila kukosa. Anajibu: 'Siku moja.' Wa pili naye alikwenda kliniki Jumatatu, akapewa, akazifungia sandukuni. Anajibu: 'Siku moja.' Jibu ni moja, hali ni mbili. Mganga anayesoma majibu hayo atamkaripia asiye na hatia, na yule anayehitaji kusaidiwa hatamtambua. Kifua kikuu hutibiwa kwa miezi mingi, na dawa zikikatizwa vimelea huweza kuwa sugu. Basi kitenzi kimoja kilichofasiriwa pasipo uangalifu chaweza kuharibu kazi ya kliniki nzima.

Je, tutumie kitenzi gani? Hapa pia Kiswahili kinamdai mfasiri ajue zaidi. Dawa ya maji hunywewa. Kidonge humezwa, ingawa watu wengi husema pia kunywa vidonge, na usemi huo hauna kosa. Kipo kidonge cha kutafunwa, kipo cha kunyonywa, na kipo cha kuwekwa chini ya ulimi. Dawa nyingine huvutwa kwa pumzi. Kiingereza chaweza kuzifunika nyingi kati ya hizi kwa neno moja kwa sababu maelezo mengine huandikwa kando. Kiswahili huyaweka maelezo hayo ndani ya kitenzi. Tunapendekeza kwamba katika vichwa vya habari na maelezo ya jumla litumike neno 'kutumia dawa', bali katika lebo na maelekezo ya mgonjwa kitajwe kitendo chenyewe: meza, kunywa, tafuna, weka. Neno 'chukua' libaki dirishani.

Sheria na ofisi

Katika sheria, mambo ni kinyume kidogo, kwani mna mahali ambapo 'chukua' ndilo neno la haki. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachofasili wizi, hujengwa juu ya kitenzi 'take', na kifungu hicho hicho hueleza kwamba mtu hahesabiwi kutenda hivyo mpaka awe amekisogeza kitu au amesababisha kisogee. Sheria yenyewe, basi, iliona haja ya kulifunga neno hilo lisitangetange, na ikalifunga kwa wazo la kuhamisha. Wazo hilo ndilo hasa la 'chukua' kwa asili yake. Mfasiri akiweka hapo 'twaa' au 'miliki', atakuwa amelibadili kosa la jinai.

Kwingineko 'chukua' haifai. Sheria inayosemwa 'take effect' huanza kutumika. Mahakama hupokea au husikiliza ushahidi. Mshtakiwa huwekwa mahabusu. Shahidi hula kiapo au huapa. Afisa mpya huanza kazi au huripoti kazini.

Watumishi wa serikali waangalie pia sentensi mbili zinazokaribiana mno. Mtu aliye-'take leave' amekwenda likizo. Mtu aliye-'take his leave' ameaga. Neno dogo la umilikishi limegeuza maana yote, na mkuu wa ofisi aweza kumtafuta kazini mtu aliyemo safarini, au kumwekea likizo mtu aliyeaga tu akaenda kula chakula cha mchana.

Kuhusu 'take over', hatuna budi kusema kwa urefu kidogo, kwa kuwa usemi huo hauonyeshi kama kuna nguvu, ridhaa au sheria. Muuguzi hupokea zamu. Mkurugenzi mpya hupokea ofisi kwa makabidhiano. Wanajeshi hupindua serikali na kutwaa madaraka. Kampuni moja huinunua nyingine. Na dola linapofanya mali kuwa ya umma, hutaifisha. Neno hili la mwisho ni mfano mzuri. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki ya Tanzania Bara yaliwekwa mikononi mwa umma, na lugha ikawa na neno lililotoka katika 'taifa' kwa kiambishi cha kusababisha. Hapana aliyelazimika kutafuta neno la mkono unaoshika. Lilitazamwa jambo lililotendeka, likapewa jina kutoka katika akiba yetu wenyewe.

Tafsiri zipi zikubaliwe?

Wako wanaotaka kila usemi uliotokana na Kiingereza ufukuzwe. Sisi hatukubaliani nao. Lugha hai hupokea wageni, kama Kiingereza chenyewe kilivyoipokea 'take'. Kipimo chetu ni hiki: je, mgeni amekuta kiti kitupu, au anataka kumwinua aliyekwisha kukaa?

'Kuchukua hatua' imekuta kiti kitupu. Kupiga hatua ni kusonga mbele. Kuchukua hatua ni kufanya jambo ili kuondoa tatizo. Maana hizi hazigongani, na usemi wa pili umekwisha kuzoeleka serikalini na magazetini. Tunaukubali. 'Kuchukua muda' nayo haina mgogoro, kwa kuwa inakwenda sambamba na basi kuchukua abiria: safari ina nafasi ya saa tatu ndani yake.

'Kuchukua nafasi' yataka tahadhari. Katika Kiswahili ina maana iliyokwisha kukaa, yaani kushika mahali pa mwingine: makamu amechukua nafasi ya mwenyekiti. Anayeandika 'Mkutano utachukua nafasi Jumatatu', akikusudia kwamba utafanyika, humfanya msomaji aulize: nafasi ya nini? Hebu tuitazame sentensi hii: 'Mkutano utachukua nafasi ya semina Jumatatu.' Hakuna ajuaye kama semina imefutwa au la. Usemi huu kwa maana ya kufanyika tunaukataa, kwa sababu unamwinua mwenye kiti, na kwa sababu 'kufanyika' lipo na latosha.

Mwongozo kwa mfasiri

Kwa muhtasari, mfasiri anapokutana na 'take' ajiulize maswali matatu.

1. Je, kuna kitu kinachohama kweli? Kama kipo, kilikuwa wapi, kinakwenda wapi, na mwenyewe ameridhia? Jibu litamletea chukua, peleka, pokea, nyang'anya, vua, anua au jingine lililo mahususi.

2. Kama hakuna kinachohama, je, maana imebebwa na nomino inayofuata? Basi atafute kitenzi cha nomino hiyo katika Kiswahili, asitafute kitenzi cha 'take'.

3. Je, mtu asiyejua Kiingereza akiisoma sentensi iliyopatikana, atatenda lile lililokusudiwa? Swali hili ndilo hakimu wa yote.

Tunaongeza hapa chini nahau chache zinazosumbua, pamoja na mapendekezo yetu:

'take after' (kwa mtoto na mzazi wake) — kufanana na, kumfuata
'take for granted' — kudhani tu bila kuhakikisha, kutothamini kilichozoeleka
'take into account' — kuzingatia
'take advantage of' — kutumia nafasi; kwa maana mbaya, kumwonea au kumlaghai
'take in' — kumpa mtu hifadhi, kudanganya, kwa fundi cherehani, kupunguza nguo
'take down' — kuandika yasemwayo, kubomoa, kuteremsha bendera
'take off' (kwa ndege) — kupaa, kuruka
'it takes courage' — yahitaji ujasiri
'what do you take me for?' — waniona mimi nani?
'take my word for it' — niamini nisemalo
'give and take' — nipe nikupe

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii yote 'chukua' haikutokea hata mara moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kiingereza kina neno moja jepesi ambalo maana yake hukamilishwa na majirani zake, na kwamba Kiswahili hutaka kitenzi chenyewe kiseme kilichotendeka. Mtu asiseme, basi, kwamba Kiswahili kimepungukiwa kwa kuwa hakina neno moja la kujibu 'take'. Kinayo mengi, na kila moja linamdai mfasiri aijue hali ya jambo kabla hajaandika. Dai hilo ni mzigo kwa mfasiri, lakini ni faida kwa msomaji, hasa yule mgonjwa aliye nyumbani na yule mshtakiwa aliye kizimbani, ambao hawana nakala ya Kiingereza ya kulinganisha.

Tunawaomba walimu wawafundishe wanafunzi wao kitenzi hiki katika sentensi nzima, wala si katika orodha ya maneno yenye jibu mojamoja. Na wasomaji wenye mifano mingine kutoka katika ofisi, mahakama na hospitali wanakaribishwa kuileta, ili ipimwe na kujadiliwa katika matoleo yajayo.